Matuta Juu ya Shimo

Jumuiya yetu ya Mtakatifu Monika ina wanachama wawili. Klementina ni mwenyekiti, mimi ni katibu. Mweka hazina hatuna, kwanza kwa sababu hazina yenyewe haipo, pili kwa sababu Rozina aliyekuwa na cheo hicho alihamia Kaoze na mume wake mwaka juzi, akaondoka na daftari. Kila Jumamosi asubuhi tunasali kwangu au kwake, mmoja anaongoza, mwingine anaitikia, kisha tunakunywa uji wa ulezi na kuwasema watu wasiokuwepo. Katekista wa Kasense alishatushauri tujiunge na jumuiya ya bondeni. Nilimjibu kwamba Bwana hakuweka idadi kubwa, na kama aliweka, sisi wawili tumeifikia.

Zamani kitongoji chetu, hapa juu ya Kasense, kilikuwa na kaya kumi na moja. Halafu barabara ikataka moramu, ule udongo mwekundu wa kushindilia njia. Mkandarasi mmoja, Shigela, akapewa leseni ya kuchimba kwenye mteremko uliopo katikati yetu, ule tuliokuwa tunalima ulezi na maharage. Alichimba miaka minne. Malori yalipita mlangoni kwangu mpaka vikombe vikawa vinacheza kabatini, kuta zikapata nyufa, na nguo ukianika asubuhi zinarudi nyekundu jioni. Watu wakaanza kuondoka mmoja mmoja. Wengine walikwenda mjini Sumbawanga, wengine wakateremka Bonde la Rukwa, huko wanakosimulia kwamba mpunga unaota bila kuombwa.

Kila aliyeondoka alipita kuaga, akanishauri na mimi nifikirie. Nilifikiria. Mume wangu Zenon alishafariki. Binti yangu Coleta ameolewa Kasanga, kule ziwani, na kila akipiga simu ananiambia, mama njoo. Niende nikaishi kwa mkwe, nile dagaa asubuhi na jioni, nitoke jasho kama niliyeiba? Nilikataa. Lakini nisijitie ushujaa. Niliweza kukataa kwa sababu ng'ambo ya shimo alikuwepo Klementina, Mama Nestory.

Nyumba yake ipo juu, yangu ipo chini, shimo katikati. Zamani nilikuwa nakatiza shamba na kibakuli cha chumvi mkononi, nafika kabla mboga haijapoa. Baada ya shimo ikawa ni kuzunguka ukingo, robo saa nzima, na magoti yangu hayapendi ule mlima. Kwa hiyo tukazoea kuonana Jumamosi, na siku nyingine nilitosheka na moshi wa jiko lake. Asubuhi nikifungua mlango hicho ndicho kitu cha kwanza ninachokitafuta. Siku akichelewa kuwasha, uji haunishuki. Sikuwahi kumwambia hilo. Klementina ni mtu wa maneno machache. Mimi ndiye niliyekuwa naongea kwa niaba ya wote wawili, na miaka yote nilidhani tumekubaliana hivyo.

Moramu ilipokwisha, Shigela alilijaza shimo kwa mawe na kifusi, akatandaza juu yake udongo mwembamba, unene wa kiganja hivi, akaondoka na mitambo yake. Udongo mweusi uliokuwa juu mwanzoni, ule wa babu zetu, sijui aliupeleka wapi. Wakasema ardhi imerejeshwa. Mvua ziliponyesha, pakaota majani machache, yamesimama mbalimbali kama nywele za mgonjwa.

Mwezi wa pili mwaka huu akaja Ignasi, mwenyekiti wa kitongoji, ambaye siku hizi anakaa Kasense na kutuongoza kutoka huko. Alikuwa na tangazo mkononi. Shigela anaomba leseni nyingine, achimbe kuelekea juu. Mwezi wa nne watakuja wakaguzi kutoka ofisi ya mazingira mjini, wapitie leseni ya zamani, watazame eneo lote, ndipo waamue.

"Kuelekea juu mpaka wapi?" nilimuuliza.

"Mpaka kwa Mama Nestory. Nyumba yake imo ndani. Atalipwa, atahama."

"Na ofisi ikikataa?"

"Ikikataa, anabaki."

Ignasi alibandika tangazo lake kwenye ukuta wa nyumba ya Rozina, nyumba isiyo na mtu, akapanda pikipiki akarudi kwake. Mimi nilizunguka ukingo siku hiyo hiyo, magoti yakilalamika, nikamweleza Klementina. Alikuwa anachambua maharage. Alisema, "Tutaona." Nikamwambia hakuna cha kuona, hapa ni kupigana. Akaendelea kuchambua.

Nililala na jambo hilo siku tatu, kisha nikapata akili, au nilichodhani ni akili. Nilijiuliza, wakaguzi wakija watakuta nini? Watakuta kaya tisa zilizobaki kuta na mteremko wenye majani ya wagonjwa. Watasema hapa hapana watu, mpeni huyu bwana achimbe. Kumbe ikionekana tunalima, wataona hapa bado ni kwa watu.

Na Mfipa akitaka kuonyesha kwamba ardhi ina mwenyewe, haweki bango. Anapiga intumba. Kwa asiyejua, intumba ni matuta ya mviringo, kama vyungu vikubwa vilivyofunikwa. Mvua zikiwa bado zinanyesha unakata majani pamoja na udongo wake, unayageuza, majani yanakaa ndani, udongo unafunika nje. Majani yanaoza humo mwaka mzima, juu yake unaotesha maharage, na msimu unaofuata unayasambaza na kumwaga ulezi. Mgeni akipita penye intumba hata mwenye shamba asipokuwepo, anajua hapa kuna mwanamke na kuna jembe. Mama yangu alikuwa akiona shamba la mtu halina intumba mwezi wa tatu, anauliza kama kuna msiba.

Basi nikaanza kupiga intumba juu ya shimo.

Nina miaka sitini na tatu. Nilipiga intumba peke yangu wiki tano, na sijawahi kufanya kazi ngumu kama ile hata nilipokuwa msichana wa kuolewa. Udongo haukutosha. Ili kupata tuta moja ilibidi nikwangue huku na huku kama anayekwangua ukoko, nikikusanya kile kiganja cha udongo mahali pamoja. Nilipomaliza tuta, kandokando palibaki pekundu tupu, mawe yanachungulia. Niliona aibu. Mgeni huwezi kumpokea shamba likiwa uchi. Nikateremka mtoni na mundu, nikakata majani, nikayabeba kichwani mizigo kwa mizigo, nikatandaza katikati ya matuta mpaka wekundu ukafichika. Mvua zilikuwa nzuri. Maharage yakaota, na kwa kuwa udongo wote ulikuwa humo ndani ya matuta, yaliota vizuri kuliko nilivyostahili.

Klementina alikuwa anasimama mlangoni kwake akinitazama. Jumamosi moja aliniuliza, "Unapalima kwa ajili ya nini pale?" Nikamwambia, "Kwa ajili yako." Alicheka kidogo, akafungua kitabu cha sala.

Mwezi wa nne, siku ya Jumatano, gari likaja. Alishuka binti mmoja, viatu vya mvua, kibao cha umeme cha kuandikia kwapani, akapiga goti kidogo.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Karibu."

Jina lake Victoria, afisa mazingira, ndiye aliyepewa kazi ya kuipitia leseni. Nyuma yake akashuka Shigela mwenyewe, amevaa kofia, mpole kama anayekuja kuposa. Walitembea kwenye mteremko, binti akapiga picha, akahesabu mistari, akainama akagusa majani ya maharage. Kisha akaniita.

"Mama, nani amelima hapa?"

"Mimi."

"Peke yako? Haya yote?"

"Unamwona nani mwingine?"

Alicheka. Alisema chuoni alisoma habari za matuta ya Wafipa kwenye vitabu, lakini hajawahi kuyaona kwa macho. Akaniomba nimfundishe. Nikachukua jembe nikamwonyesha jinsi ya kugeuza, akajaribu, tuta lake likapinda upande, tukacheka wote wawili. Nikamkaribisha ndani. Alikaa kwenye kigoda, akala maboga ya kuchemsha, akauliza maswali, na kila nikijibu anaandika. Alikaa saa nzima. Aliniambia, "Mama, mikono yako ina akili." Tangu Zenon afariki hakuna mtu aliyeisifia mikono yangu. Nisiseme uongo, nililewa. Nililewa maneno ya mtoto wa watu mchana kweupe.

Wakati wa kuondoka akauliza, akiwa amesimama na kibao chake, "Kwa hiyo mama, ardhi hii inalimika?"

Nilimtazama Shigela, amesimama kando anafuta miwani. Nikadhani hapa ndipo mahali pa kumshinda.

"Inalimika," nikasema. "Hii ni ardhi ya watu, na watu wapo."

Aliandika, akanisomea haraka haraka: mkazi wa jirani anathibitisha kwamba eneo limerejea na linafaa kwa kilimo. Nilisikia "mkazi" na "kilimo", nikafurahi. Nikasaini kwa mwandiko wangu wa shule ya masista, jina kamili, Dominika, na la mume wangu.

Siku iliyofuata Shigela alisimamisha gari mlangoni kwangu. Alishuka na mfuko wa sukari.

"Mama, nimekuja kukushukuru," alisema. "Umenisaidia sana."

"Nimekusaidia nini?"

"Leseni. Sharti lao lilikuwa moja tu. Kama pale nilipochimba hapajarudi kuwa ardhi ya kulima, sipati pengine. Nilikuwa nimeshakata tamaa, kusema kweli. Halafu nafika nakuta shamba." Alitikisa kichwa kama mtu aliyeokota kitu njiani. "Sasa ripoti ni nzuri. Wiki ijayo inasainiwa, mwezi wa sita naanza juu."

Hakuwa anadhihaki. Angedhihaki ningempiga na jembe. Aliweka sukari kwenye baraza, akaniaga kwa heshima zote, akaondoka. Nilikaa pale pale. Nilikuwa nimemsafishia mtu njia mpaka mlangoni kwa Klementina, kwa mikono yenye akili, bila kulipwa hata sumni. Nililia kwa hasira, kisha nikalia kwa kweli.

Kesho yake, Ijumaa, nilipanda bodaboda hadi mjini. Upepo wa Sumbawanga mwezi wa nne unaingia mpaka kwenye meno. Nilikaa kwenye benchi la ofisi mpaka saa sita, nimejifunga vitenge viwili, ndipo Victoria akatoka akaniona.

"Mama, kulikoni?"

"Nimekuja kufuta maneno yangu."

Alinipeleka mezani kwake. Nikamweleza yote, kiganja cha udongo, kukwangua, majani ya mtoni. Nikamwambia chini ya majani yale ni moramu tupu, na maharage yale yatakauka mvua zikikatika kwa sababu mizizi haina pa kwenda. Alikuwa ameacha kuandika. Uso wake ulibadilika, si kwa hasira hasa, ni kama mtu aliyepewa zawadi na sasa anaombwa airudishe.

"Lakini mama, nilikuuliza."

"Uliniuliza. Nilijibu vibaya. Nilidhani mkiona tunalima mtatuachia. Halafu ulinisifu, mwanangu. Nilipenda ulivyonisifu."

Akasema kosa ni lake pia, alitakiwa kuchimba kuona kina cha udongo, na hakuchimba kwa sababu aliona vibaya kuvuruga kazi ya mtu. Ripoti ilikuwa bado haijasainiwa. Alisema atakuja Alhamisi, atamwita Shigela, atachimba mbele yetu sote mahali pamoja. Kitakachoonekana ndicho kitakachoandikwa.

"Wewe ndiye unayelijua shamba," aliniambia. "Utanionyesha pa kuchimba."

Nilirudi nyumbani nimepona. Jumamosi ilikuwa zamu ya Klementina kutupokea. Nilipanda mlima nikiimba. Tulisali, akaongoza yeye, na tulipofika kwenye uji sikungoja hata upoe. Nilimweleza kila kitu tangu sukari ya Shigela hadi Alhamisi. Nilimwambia, "Hutahama. Nimeshamaliza."

Klementina aliweka kikombe chini.

"Nani alikutuma?"

Nilidhani sikumsikia vizuri.

"Nilishakubali," akasema. "Mwezi wa kwanza. Shigela alikuja na karatasi ya ridhaa, Nestory wangu alikuwepo, nikaweka dole gumba."

"Mwezi wa kwanza? Kabla ya tangazo? Hukuniambia."

"Ningekuambia ungeongea."

Niliitazama nyumba yake, na kwa mara ya kwanza nikaiona. Godoro la wageni halikuwepo. Sanduku kubwa la mumewe halikuwepo. Kumbe vitu vilikuwa vinateremka Ilemba kwa mwanawe kidogo kidogo, na mimi nimekuwa nakaa humo ndani kila Jumamosi ya pili, naongea, sioni.

"Nestory amenijengea chumba," alisema, na hajawahi kuongea mfululizo hivyo tangu nimfahamu. "Kimefika linta. Anangoja fidia yangu tupaue, maana siwezi kufika kwa mkamwana mikono mitupu, nikaanza kula chao. Kuna wajukuu wanne pale. Mama Coleta, mimi nataka kulala nikisikia watu wanakohoa ukuta wa pili. Hapa usiku nasikia upepo, basi."

"Kama ni hivyo, kwa nini hukwenda zamani, walipoondoka wenzetu?"

"Ningekuachaje? Akina Rozina walipoondoka nilisema, huyu akibaki peke yake atakufa kwa kukosa wa kumsemesha. Nikakaa. Karatasi ya Shigela ilipokuja nilimshukuru Mungu, kwa sababu sasa si mimi ninayekuacha. Ni leseni inayonitoa."

Yeye Klementina anaongea, mimi nimenyamaza. Hata kuku walishangaa nadhani.

"Mteremko naujua kama wewe," aliendelea, sauti ya chini. "Ule mstari wa mwisho, ukingoni upande wa mtoni, mtambo haukufika. Pale udongo ni ule ule wa zamani, mtu anaweza kuzama mpaka goti. Alhamisi huyo binti akikuuliza, muonyeshe pale. Hutakuwa umesema uongo. Utakuwa umeonyesha mahali."

Kisha akanishika mkono. Klementina si mtu wa kushikana mikono.

"Nakuomba," alisema.

Nilishuka mlima bila kukumbuka njia. Jumapili, Jumatatu, Jumanne, Jumatano, nilifanya kazi za nyumbani nikiwa siko ndani yazo. Nilijaribu kuwaza kama mtu mwema. Nikajiambia, mwache mwenzako aende kwa wajukuu, amekulipia miaka miwili ya maisha yake, wewe mlipe kidole kimoja ukingoni. Na nilikubali. Jumatano jioni nilikuwa nimekubali kabisa, hata nikamtafutia kuku wa kuondoka naye, mtetea wangu mweupe anayetaga vizuri.

Alhamisi wakaja. Victoria alikuwa na jembe na rula ndefu ya chuma. Shigela hakuwa mpole tena, aliniangalia mara moja akaangalia pembeni. Ignasi naye alikuja, ili ionekane kitongoji kina mwenyekiti. Juu, mlangoni kwake, Klementina alikuwa amesimama, kitenge kimefungwa kiunoni, mikono nyuma.

"Haya mama," Victoria akasema. "Nichimbe wapi?"

Nilianza kutembea kuelekea ukingoni. Hilo Mungu ni shahidi wangu. Nilipita mstari wa kwanza, wa pili, na wakati wote nilikuwa namwona Klementina kwa pembe ya jicho. Nilipokaribia katikati, nikainua macho nikaitazama nyumba yake. Nilikuwa nimeshaiona mara elfu. Sasa niliiona kama itakavyokuwa, bila moshi, mlango na fremu vimeng'olewa, na mimi nimesimama chini na sufuria ya uji, sina wa kumwita. Miguu ikasimama yenyewe.

"Hapa," nikasema, na nikanyoosha mkono pale pale katikati.

Victoria alisogeza majani kwa mguu. Jembe lilishuka mara moja, likagonga. Sauti yake ilikuwa kama ya sahani kwenye sakafu. Akagonga tena hatua tatu mbele, vivyo hivyo. Akafungua tuta moja, akaweka rula pembeni, akapiga picha. Akaandika. Ignasi alikohoa. Shigela alivua kofia akaitazama ndani, kama maelezo yameandikwa humo.

Nilipotazama juu, mlango wa Klementina ulikuwa umefungwa.

Ofisi iliamua mwezi wa tano. Ombi la kuchimba juu limewekwa kando mpaka shimo la zamani lirejeshwe sawasawa: Shigela alete udongo wa juu, autandaze kwa kina kilichoandikwa, na ardhi ikae misimu miwili ya mvua wakiikagua. Ameanza kuleta. Malori yanapita tena mlangoni kwangu, vikombe vinacheza, ila safari hii yanaingia yamejaa na kutoka matupu. Udongo ni mzuri, mweusi. Dereva aliniambia kiwango kilichotakiwa ni kingi na tajiri wake analalamika. Nilimwambia mpe pole.

Fidia ya Klementina haipo, na chumba cha Ilemba kimebaki linta. Nestory alikuja mara moja, akanipita barabarani. Aliniamkia, maana amelelewa vizuri, lakini hakusimama.

Klementina yupo. Moshi wake nauona kila asubuhi. Jumamosi tunasali kama kawaida, hajakosa hata moja. Anaongoza kwa sauti ile ile, anaitikia kwa sauti ile ile. Sala ikiisha anafunga kitabu, anasema "Haya," anaondoka. Uji hanywi. Ikiwa ni kwake, uji haupiki. Mara mbili nimeanza kumwomba radhi. Mara zote mbili aliniambia, "Ulisema kweli, Mama Coleta. Mtu haombi radhi kwa kusema kweli." Aliyasema bila ubaya wowote, na afadhali angenitukana.

Wiki iliyopita Victoria alikuja kupima udongo mpya. Alikuwa na furaha. Alinishika mabega, akasema ameshakagua mashimo mengi mkoani, na majirani wote hunyamaza, wengine kwa kuogopa, wengine kwa sababu wamepewa kitu. "Wewe peke yako ulisimama ukaitetea ardhi," alisema. Aliniambia habari yangu ameiandika kwenye ripoti, bila jina, ili maafisa wengine wajifunze.

Nilimwambia asante. Nilimkaribisha uji, akasema ana haraka, gari linangoja. Sikumweleza kilichobaki, na sidhani kama kuna karatasi ya kukiandika. Siku ile nilipoonyesha katikati ya shamba sikuwa naifikiria ardhi, wala maharage, wala watakaolima hapo mimi nikishakufa. Niliogopa kubaki peke yangu. Kweli niliyoisema ilitoka kwenye woga huo, na Klementina, aliyekuwa amesimama juu akinitazama nikisimama kabla ya kuufikia ule mstari wa ukingoni, aliiona inavyotoka.